Dawa ni kama mfereji

Mwaka 1977 watu wa Arusha wanaukumbuka kwa jambo moja kubwa. Ndio mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na mji wetu, uliokuwa makao yake makuu, ukabaki na maofisi yasiyo na wenyewe. Wengine wanaukumbuka kwa kuzaliwa kwa Chama Cha Mapinduzi mwezi Februari. Leo nataka tuukumbuke kwa jambo la tatu, ambalo halikupigiwa ngoma.

Katika mwaka huo mmoja nchi yetu ilianza kutumia dawa kwa namna mbili tofauti, dhidi ya maradhi mawili tofauti. Namna ya kwanza ilitupotezea dawa nzuri kwa muda wa miezi mitano. Namna ya pili ilitutunzia dawa zetu kwa kizazi kizima, na baadaye mataifa makubwa yakaja kujifunza kwetu.

Nalileta jambo hili kwa sababu ukisimama leo kwenye duka la dawa, iwe mjini Arusha, Ngaramtoni au Tengeru, hutakaa muda mrefu kabla hujamsikia mtu akisema: "Nipe rangi mbili, vidonge vinne tu." Hakupimwa, hana cheti cha daktari, na anayeuza hamuulizi. Kichwa kinamuuma, au mafua yamembana. Vinne vinatosha, kwa kuwa hela ndiyo iliyofika hapo. Ni jambo dogo, la kila siku. Lakini ndani yake mna historia, na historia hiyo imekwisha kutupiga mara moja.

Tuanze na kipindupindu.

Mwezi Oktoba 1977 ulizuka nchini mlipuko wa nne wa ugonjwa huo. Wenye umri wanakumbuka hofu yake: mtu anaamka mzima asubuhi, jioni anazikwa. Dawa iliyotegemewa ilikuwa tetrasaiklini. Mwanzoni mwa mlipuko wataalamu walipima vijidudu vya kipindupindu wakaona vyote vinakufa kwa dawa hiyo. Basi ikatolewa kwa wingi. Walipewa wagonjwa, na wakapewa pia watu wazima wa afya, ili iwe kinga. Nani angekataa? Ukiona jirani amezikwa, kidonge kinachotolewa bure unakimeza.

Baada ya miezi mitano vijidudu vilipimwa tena. Katika kila 100 vilivyopimwa, 76 vilikuwa havisikii tena tetrasaiklini. Taarifa hiyo ilitolewa na Dakta Fred Mhalu na wenzake wawili, Mmari na Ijumba, katika jarida la madaktari la Lancet mwezi Februari 1979. Hadi leo wasomi wa maradhi wanaitaja dunia nzima kila wanapotaka kueleza jinsi dawa inavyoweza kufa haraka ikitumiwa ovyo.

Lakini je, kijidudu kisicho na ubongo kinajifunzaje kuikataa dawa? Ukweli ni kwamba hakijifunzi. Mfugaji ataelewa upesi. Kiangazi kikali kinapoingia, ng'ombe dhaifu wanakufa. Wale wachache wenye miili migumu wanabaki, na hao ndio watakaozaa kundi la kesho. Miaka kadhaa baadaye kundi zima ni la ng'ombe wagumu. Dawa ndicho kiangazi cha vijidudu. Inapopita inaua vilivyo dhaifu, na kama mahali fulani kimo kimoja chenye ugumu wa pekee, kinabaki na uwanja wote peke yake. Tofauti ni kwamba ng'ombe anazaa mara moja kwa mwaka, na kijidudu kinaweza kuzaa mara kadhaa kwa saa moja au mbili.

Tena vijidudu vina jambo ambalo ng'ombe hawana. Vinaweza kugawiana ugumu. Wajapani ndio waliogundua katika miaka ya 1950, walipokuwa wakichunguza ugonjwa wa kuhara damu, kwamba kijidudu kimoja kinaweza kukipa kingine kipande kidogo cha urithi wake chenye siri ya kuishinda dawa, hata kama si vya aina moja. Vijidudu vya kipindupindu vya Tanzania vilipochunguzwa baadaye, vilikutwa na vipande vya namna hiyo. Maana yake ni kwamba ukimeza dawa bila sababu, huna ugonjwa wa kuutibu, lakini tumboni mwako mna mabilioni ya vijidudu vya kawaida, na miongoni mwake umeanzisha kiangazi.

Na lililo chungu zaidi ni kwamba tetrasaiklini haikuwa ndiyo tiba kubwa ya kipindupindu. Mgonjwa wa kipindupindu huuawa na kukaukiwa maji. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, mpakani mwa India na Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa maji ya kutundikia wagonjwa mishipani. Akachanganya chumvi na sukari kwenye maji safi, akawapa jamaa wa wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Dawa ya kuua vijidudu humsaidia mgonjwa mahututi na kufupisha ugonjwa wake. Kuigawa kwa umma mzima ili iwe kinga hakufai, kwa kuwa nguvu yake inakwisha baada ya siku moja au mbili, na mtu anarudi kunywa maji ya kisima kile kile.

Sasa tugeuke upande wa pili wa mwaka huo huo.

Ukitoka Arusha kwenda Moshi, ukapita Usa River na Kikatiti, ukafika Boma Ng'ombe na kukata kushoto kupanda Sanya Juu, utafika Kibong'oto. Pale pana hospitali ya kifua kikuu iliyoanza mwaka 1926. Kilimanjaro iko juu yako, na ukigeuka magharibi unauona Mlima Meru. Siku zile kifua kikuu hakikuwa na dawa. Mgonjwa alipelekwa mahali pa baridi na hewa safi, akalazwa, akalishwa vizuri, na Mungu akaombwa. Wengine walirudi nyumbani, wengine hawakurudi.

Dawa ya kwanza, streptomaisini, iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Ilipoanza kutumika peke yake, wagonjwa waliinuka vitandani kwa furaha, na baada ya miezi michache wengi wao wakaanguka tena, kwa sababu vijidudu vyao vilikuwa vimekuwa sugu. Hapo ndipo madaktari walipojua kwamba kifua kikuu hakitibiwi kwa dawa moja. Hesabu yake ni rahisi. Ikiwa katika kila vijidudu milioni moja kimo kimoja kinachoweza kuishinda dawa ya kwanza, na katika kila milioni kimo kimoja kinachoweza kuishinda ya pili, basi cha kuzishinda zote mbili kwa pamoja utakitafuta katika milioni mara milioni. Dawa zikienda pamoja zinalindana. Zikienda moja moja zinaliwa moja moja.

Tulikuwa na sehemu yetu katika elimu hiyo. Katika miaka ya 1970 hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishirikiana na Waingereza katika majaribio yaliyoonyesha kwamba tiba iliyokuwa ikichukua mwaka na nusu au zaidi inaweza kumalizika kwa miezi sita, ikiwa zitaongezwa dawa zenye nguvu kama rifampisini.

Ndipo ukaja mwaka 1977. Tanzania ikaanzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ikisaidiwa na umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu. Mshauri wake mkuu alikuwa daktari kutoka Chekoslovakia, Karel Styblo. Huyu alikijua kifua kikuu kwa mwili wake mwenyewe, kwani alikipata alipofungwa na Wajerumani katika kambi ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Styblo na Watanzania aliofanya nao kazi hawakuja na dawa mpya. Walileta utaratibu. Kila wilaya iwe na mratibu wake wa kifua kikuu na ukoma. Kila anayeshukiwa apimwe makohozi kwa hadubini, kwa maana kukohoa peke yake si ushahidi. Kila mgonjwa aandikwe jina katika daftari, na kila robo ya mwaka daftari liulizwe: wangapi wamepona, wangapi wamekufa, wangapi wametoroka matibabu?

Majibu ya mwanzo hayakupendeza. Dawa za bei nafuu za wakati ule zilimezwa kwa mwaka mzima, na wagonjwa wengi waliacha njiani. Hawakuwa watu wabaya. Mtu akishapata nafuu, jembe linamwita. Basi mwaka 1982 ikaanza kutumika tiba fupi ya miezi minane yenye rifampisini ndani yake, na hapo pakawekwa sharti kali. Miezi miwili ya mwanzo, ambayo ndiyo ya rifampisini, mgonjwa alimeza dawa mbele ya macho ya mhudumu, na wengi walilazwa kwa ajili hiyo. Miezi sita ya baadaye alikwenda nyumbani na dawa nyingine. Rifampisini haikwenda nyumbani. Haikuachwa itawanyike mitaani na kuuzwa kimoja kimoja sokoni.

Wagonjwa walioponywa wakafika kama 80 katika kila 100, katika nchi maskini, wakati wa uhaba ambao hata sabuni ilipangiwa foleni. Benki ya Dunia ikapiga hesabu na kukuta kwamba hiyo ni miongoni mwa tiba zinazookoa maisha kwa gharama ndogo kuliko karibu tiba nyingine yoyote. Wakati huo huo jiji la New York, lenye fedha kuliko serikali nyingi za Afrika, lilikuwa limepunguza matumizi yake kwa kifua kikuu, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 likajikuta na kifua kikuu sugu mahospitalini na magerezani. Likalazimika kutumia fedha nyingi kuajiri watu wa kuwafuata wagonjwa na kuwaona wakimeza. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani likatangaza kifua kikuu kuwa janga la dharura, na utaratibu uliojaribiwa Tanzania ukawa ndio mwongozo wa mataifa.

Kisha likaja jaribu kubwa. Ukimwi ulipoenea, wagonjwa wa kifua kikuu nchini waliongezeka kutoka kama 12,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi zaidi ya 60,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtu angetegemea usugu nao upande kwa kasi hiyo hiyo. Haikuwa hivyo. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2006 na 2007 ulikuta kwamba miongoni mwa wagonjwa wapya, wenye kifua kikuu kilichozishinda dawa mbili kubwa walikuwa kama mmoja tu katika kila 100. Tetrasaiklini ya kipindupindu ilidumu miezi mitano. Rifampisini ilidumu robo karne, na bado inatutumikia.

Sharti niwe mwadilifu hapa. Maradhi haya mawili hayafanani. Kipindupindu kinaua kwa saa chache na kuenea kama moto wa nyika. Kifua kikuu kinatambaa. Vijidudu vya kifua kikuu havigawiani siri za ugumu kama vile vya kipindupindu. Waliogawa tetrasaiklini walikuwa wakizima moto kwa ndoo waliyokuwa nayo, na sikusudii kuwalaumu. Tena utaratibu wa kumsimamia mtu ameze una uchungu wake. Kuna waliokaa hospitalini miezi miwili huku shamba likiota magugu. Ndiyo maana baadaye mgonjwa aliruhusiwa kumchagua ndugu wa kumsimamia nyumbani. Lakini baada ya kusema yote hayo, tofauti inabaki. Upande mmoja dawa ilikwenda bila daftari. Upande wa pili kila kidonge kilikuwa na jina la mtu.

Na hao wachache waliopata kifua kikuu sugu? Historia yao inaturudisha Kibong'oto. Kabla ya mwaka 2009 hapakuwa na tiba yao nchini. Ilipoanza pale Kibong'oto mwaka huo, kundi la kwanza lilikuwa la wagonjwa 61. Tiba iliwachukua karibu miaka miwili, na ilikuwa na sindano za kila siku zinazoweza kumwachia mtu uziwi. Siku hizi zipo dawa mpya za kumeza tu, na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza tiba ya miezi sita kwa wengi wa wagonjwa hao. Ni heri kubwa. Lakini nazo ni dawa, na zikitumiwa ovyo zitakufa kama nyingine.

Ndugu msikilizaji, utaniuliza: yote hayo ni ya zamani, leo tuko wapi?

Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi. Wagonjwa 528 waliambiwa wana malaria. Maabara ilipomaliza kazi yake, walioumwa malaria kweli walikuwa 14. Miongoni mwa waliopimwa maradhi yatokanayo na wanyama, kama robo walikutwa nayo. Hapo ndipo tunapokosea kwanza: tunatibu jina la ugonjwa kabla ya kuujua ugonjwa. Klorokwini tuliimeza hivyo kwa miaka mingi, kila homa ikiitwa malaria, mpaka ilipobidi iwekwe kando mwaka 2001. Iliyofuata haikumaliza miaka sita. Na sasa mkoani Kagera wamekwisha kuonekana vimelea wa malaria wanaochelewa kufa kwa dawa mseto tunayoitegemea.

Tunakosea pia zizini. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Tengeru na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington State cha Marekani wamezipitia kaya za Wamasai, Waarusha na Wachaga. Mwaka 2017 walieleza jinsi wafugaji, hasa Wamasai walio mbali na daktari wa mifugo, wanavyonunua dawa wenyewe na kuchoma sindano wenyewe, na jinsi maziwa yanavyoendelea kunywewa kabla dawa haijatoka mwilini mwa ng'ombe. Na dawa inayotumika kuliko zote ni ipi? Oksitetrasaiklini. Ni ndugu wa damu wa ile tetrasaiklini ya mwaka 1977. Tulifukuza somo mlangoni, likarudi kwa njia ya zizi.

Lakini nisiwaonee wafugaji. Ng'ombe ndiye benki, ndiye ada ya shule, na bwana mifugo yuko mwendo wa siku nzima. Tena kazi za watafiti hao zinatukumbusha kwamba sindano si mlango pekee. Kijidudu sugu kikishapatikana, kinasafiri kwa maziwa yasiyochemshwa, kwa maji ya lambo linalonywewa na watu na wanyama, kwa mikono isiyonawa. Kuchemsha maziwa na kuchimba choo navyo ni kuitunza dawa, kwa maana anayekingwa asiugue hana haja ya kidonge.

Wataalamu wanakisia kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu vijidudu vilivyowashika vilikataa dawa. Serikali yetu ilizindua mpango wa taifa wa kupambana na usugu huo mwaka 2017, ukafuatiwa na wa pili ulioanza mwaka 2023. Mipango ni mizuri. Lakini mpango haukai dukani pale mtu anapoomba vidonge vinne.

Watu wa miteremko ya Meru wana elimu ya zamani ambayo ingetufaa hapa. Wanaishi kwa mifereji. Maji yanatoka mlimani, yanapita shamba la huyu na la yule, na kila mtu ana zamu yake. Mwenye shamba la juu akifungulia maji nje ya zamu, kwa sababu tu mfereji unapita mlangoni kwake, hajavunja chochote kinachoonekana. Mgomba wake utastawi. Anayeumia yuko chini huko, hamjui, na migomba yake inakauka. Ndiyo maana wazee waliweka sheria ya mfereji, na aliyeivunja alitozwa faini.

Dawa nayo ni mfereji. Kidonge nimekinunua kwa fedha yangu, lakini nguvu yake si yangu peke yangu. Nikikitumia bila ugonjwa, au nikakiachia njiani, ninayekausha mgomba wake ni mtoto mchanga atakayelazwa mwakani, au mama atakayepasuliwa ili ajifungue, ambaye daktari atamchoma sindano ile ile na isimfae.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tuanze na ufa uliopo mkononi mwetu. Tupimwe kabla ya kumeza. Tukiandikiwa siku tano, ziwe tano. Anayeuza dawa aombe cheti, na anayenunua asikasirike akiombwa. Mfugaji amuulize mtaalamu aina na kipimo, na maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano yasiende sokoni mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Na wenye mamlaka wakumbuke kwamba Styblo na wenzake hawakushinda kwa hotuba. Walishinda kwa hadubini wilayani, kwa dawa isiyokatika, na kwa daftari lililoulizwa kila robo ya mwaka. Mwananchi asiye na pa kupimwa ukimwambia apimwe, unamtania.

Mwaka 1977 ulituonyesha njia zote mbili, na gharama ya kila moja tunaijua.